Kabla hujamwita mtoto mzito

Swali: Mimi ni mwalimu wa kiume na hii ndiyo ajira yangu ya kwanza. Nimetoka Machakos nikapangiwa Gredi ya 1 katika kisiwa cha Lamu tangu Januari. Nina watoto 43. Mmoja hajasema neno darasani tangu tufungue, ingawa nimemwona karibu na gati akipiga kelele na wenzake. Mwingine hakai kitini: nikisema toeni vitabu, fungueni, andikeni tarehe, yeye tayari ameinuka. Msichana mmoja hulala kila baada ya mapumziko. Kuna kadhaa ambao wakiona neno "macho" wanasoma "mato", na ninawapa kosa. Wenzangu wananiambia watoto wa huku ni wazito na dawa yao ni kiboko kidogo. Sitaki kupiga, lakini sijui nianzie wapi kuwaelewa.

Jibu: Mwanangu, nianze na hao wa "mato", maana hapo nimecheka peke yangu. Mtoto aliyeziona herufi za "macho" akasema "mato" hajashindwa kusoma. Angekuwa hajui, angenyamaza au angebahatisha "mako", "mabo", kitu kisicho na maana. Huyu amezipitia herufi, akalipata neno, akalielewa, kisha akalitamka anavyolitamka mamake. Kusoma kwenyewe ndiko huko, tena kusoma kwa kuelewa, na katika daftari lako amepata alama ya kosa.

Kiamu, yaani Kiswahili cha Lamu, kina utaratibu wake. Mara nyingi penye "ch" ya Kiswahili cha kitabuni Mwamu ana "t", na penye "nj" ana "nd". Mchanga ni mtanga, mchele ni mtele, njia ni ndia, njaa ni ndaa. Leo ni yeo. Kucheza ni kuteza. Ukimsikia mtoto akimwambia mwenzake "ndoo!" usiangaze macho kutafuta ndoo ya maji, anamwita. Na ukipata watoto wa Kibajuni waliohamia kutoka Faza au Kizingitini, wao wana matamshi yao tena, mbali na haya. Sera ya elimu ya Kenya inataka watoto wa madarasa haya ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Kwa kuwa Lamu ni Uswahilini, watu huona suala hilo limekwisha: watoto ni Waswahili, kitabu ni cha Kiswahili, basi. Kumbe kati ya Kiswahili cha jikoni kwao na kile cha kitabu kuna ngazi, na anayepaswa kumshika mkono mtoto aipande ni wewe.

Akisema "mato", mwambie: "Naam, mato. Kitabuni wameandika macho. Hebu tuone herufi za katikati zinasemaje." Hapo umemkubalia alichoelewa, na umemrudisha kwenye herufi. Asikie kwamba neno la kwao ni zima na la kitabu ni zima. Akishapata hiyo "ch" mara chache, ataanza kubadilisha mwenyewe, tena haraka kuliko wewe utakavyojifunza Kiamu.

Nimelikalia hili kwa sababu ndivyo ningependa uwatazame wote. Jiulize kwanza mtoto amefanya nini hasa, ndipo uulize kwa nini. Anayesema "mzito" amekwishafika kwenye jibu bila kupita kwenye swali lolote kati ya hayo mawili.

Nunua daftari dogo la kuingia mfukoni. Ndani yake andika mambo matatu tu: kilichotangulia, alichofanya mtoto, kilichofuata. Usiandike "mkaidi" wala "mvivu", kwa sababu ukaidi hauonekani kwa macho. Kinachoonekana ni mtoto ameinuka, amelala, ametupa kalamu. Kwa huyo wako asiyekaa kitini, ingekuwa hivi: "Jumanne, saa tatu na nusu, hesabu. Nimesema toeni vitabu, fungueni, andikeni tarehe. Ameinuka. Amekwenda meza ya pili, ametazama kitabu cha Fatma. Nimemfokea. Darasa limecheka. Naye amecheka, amerudi kwake."

Sasa isome kama vile aliyeandika ni mtu mwingine. Mwalimu ametoa amri tatu kwa pumzi moja. Watoto wengi wa miaka sita, wakiwa bado wanahangaika na zipu ya mkoba, ya pili na ya tatu zimekwishawapita. Huyu aliyekwenda kuchungulia kitabu cha mwenzake alikuwa akiitafuta amri aliyoipoteza, kwa hiyo alitaka kufanya kazi. Lakini njiani amekutana na kicheko cha darasa zima, na kicheko ni kitamu. Ukiendelea hivyo, kesho kutwa atainuka kwa ajili ya kicheko na si kwa ajili ya tarehe, na hapo utakuwa na tatizo jingine kabisa.

Kwa hiyo toa amri moja, ngoja itimizwe, ndipo utoe ya pili, huku umekishika kitabu mkononi waone unachokitaka. Mpe huyo mtoto kazi za miguu: agawe madaftari, afute ubao, apeleke rejista ofisini. Kipindi chenu ni dakika 30, na mtoto wa umri huo kukaa kitako dakika zote 30 ni adhabu. Kikate. Anza mkekani, kwa vitu vya kushika, kisha ndipo warudi mezani waandike. Kwa hesabu, omba ufagio mkuukuu wa chelewa, zile njiti za makuti, kwa mama yeyote jirani, zikate chelewa sawasawa, wazifunge kumi kumi kwa uzi. Makumi na mamoja watayaelewa kwa vidole vyao. Walimu wapya humalizia mshahara kwenye chati za rangi za kubandika ukutani, na watoto wakishazizoea siku mbili hawazitazami tena. Ufagio huo utakuvusha muhula mzima.

Huyo asiyesema ndiye ninayetaka ukae naye zaidi. Mambo mawili yanafanana kwa nje, na wewe huna budi kuyatenganisha. La kwanza ni lugha. Mtoto aliyeingia katika lugha asiyoizoea anaweza kunyamaza kwa miezi, akisikiliza tu, na ndani kwa ndani anajifunza. Siku utakapopita tena karibu na gati, sikiliza hizo kelele anazipiga kwa lugha gani. Kama ni Kisomali, Kiorma au Kibajuni, na darasani mnasema Kiswahili cha kitabu, umepata nusu ya jibu.

Kama ni Kiamu kama cha wenzake, basi huenda ni jambo la pili: mtoto anayezungumza vizuri kwao na mitaani lakini akifika shuleni ulimi unafunga. Hali hii inajulikana na wataalamu. Chanzo chake ni wasiwasi. Hajakudharau wala hajakuwekea mgomo. Hata yeye mwenyewe anatamani kusema na hawezi. Mwezi wa kwanza wa shule hauhesabiwi, kwa sababu watoto wengi hunyamaza wakiwa wageni. Ukimya ukipita hapo na kuendelea mwezi mwingine au zaidi, huchukuliwa kuwa ni jambo la kushughulikiwa. Wako amekwisha kupita hapo.

Usimsimamishe mbele ya darasa. Usimwahidi peremende akisema. Usimwambie "leo lazima nisikie sauti yako", na akisema siku moja, nakuomba sana, usipige makofi wala usiwaambie wengine wapige. Atajifunza kwamba kusema kunamletea macho ya watu 42, na hicho ndicho anachokiogopa. Mpokee kana kwamba amekuwa akisema siku zote, uendelee na somo.

Cha kufanya ni kumpunguzia hadhira. Kwanza akubaliwe kujibu kwa kuonyesha kidole, kwa kuchora, kwa kuinua kadi. Mweke karibu na yule anayecheza naye pale gati. Wape kazi ya wawili, pembeni, na wewe ukae mbali kidogo ukishughulika na jambo lako. Akimnong'oneza mwenzake, usigeuke. Baada ya siku kadhaa sogea, usiulize swali, wewe zungumza tu juu ya wanachokifanya: "Naona mmejenga jahazi, tanga lake kubwa." Maneno ya namna hii hayadai jibu, na mara nyingi jibu huja lenyewe. Unaweza pia kumwomba mama amrekodi kwa simu akisoma nyumbani, mtoto mwenyewe akiridhia, akutumie sauti. Utajua anasoma kiasi gani bila kumtesa, na yeye atajua kwamba umekwisha kuisikia sauti yake na hapakutokea baya. Huku ukifanya hayo, mwombe mwalimu mkuu akuelekeze kwenye kituo cha tathmini cha EARC kupitia ofisi ya elimu. Huko ndiko mtoto hupimwa na wanaojua, na mapema ni bora, maana ukimya wa namna hii ukikomaa huwa mgumu kutoka.

Ila kabla ya yote haya, masikio. Kwa yeyote anayekutia shaka, awe asiyesema, asiyetulia au asiyefuata amri, anza na masikio, kwa sababu kuyapima hakuna gharama na walimu huyasahau. Simama nyuma yake hatua chache, akiwa ameshughulika, umwite jina kwa sauti ya chini. Rudia siku nyingine, kwani mtoto mwenye mafua ya mara kwa mara hujaa majimaji nyuma ya kiwambo cha sikio, na usikivu wake huja na kuondoka: Jumatatu anasikia, Alhamisi hasikii, nawe unasema ana kichwa kigumu. Sikio likitoa usaha aende zahanati, asitiwe mafuta wala dawa ya kubuni, na asiingie baharini hadi lipone. Macho nayo: anayekunja uso akitazama ubao, au anayelaza shavu juu ya daftari akiandika, msogeze mbele na uwaambie wazazi apimwe.

Msichana anayelala, hesabu siku yake. Mtoto wa miaka sita anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Watoto wengi wa Lamu huamka alfajiri, wakitoka shule wana chuo cha Kurani, wengine hurudi chuoni tena baada ya Magharibi, na usiku wa joto la kaskazi nani analala mapema? Kisha uliza amekula nini. Kikombe cha chai ya rangi asubuhi, na wakati wa mapumziko pakiti ya achari na ubuyu, hapo saa tano kichwa kitaanguka tu. Kama baba ni mvuvi, angalia pia kalenda ya pepo: kusi likichachamaa, Juni na Julai, vyombo vingi havitoki, na jikoni huonekana. Pia minyoo, malaria na upungufu wa damu humchosha mtoto, na hayo hayatibiwi na mwalimu; kazi yako ni kuona na kusema. Kwa sasa mwache alale dakika kumi. Najua wenzako watashangaa. Dakika kumi za usingizi zitakurudishia somo linalofuata lote, ilhali ukimwamsha kwa kumkemea utapata mtoto aliyekodoa macho na asiyesikia kitu.

Sasa kuna mtu mmoja ambaye walimu kutoka bara hawamkumbuki: ustadh wa chuo. Nenda umsalimie, umwulize kuhusu watoto wako. Mtoto unayemwona mzito shuleni huenda amekwisha kuhifadhi sura kadhaa, kwa mpangilio, bila kuruka aya. Basi kumbukumbu anayo, sikio analo, na anaweza kukaa na kazi akaimaliza. Ustadh akisema huko pia anashindwa, hiyo ni habari ya aina nyingine, na ni nzito zaidi, kwa sababu sasa jambo limeonekana na watu wawili mahali pawili.

Chuoni utaona pia jinsi watoto wanavyosoma kwa pamoja, kwa sauti. Wengi wa watoto wako wameanza masomo yao hivyo tangu wadogo. Wewe unapomnyoshea mtoto kidole na kumtaka ajibu peke yake, unamtaka afanye jambo geni. Waanzie kwa pamoja, kisha safu kwa safu, kisha wawili wawili, ndipo mmoja. Na ukiuliza, ngoja. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alichunguza walimu madarasani miaka ya 1970 akakuta baada ya swali wanangoja kama sekunde moja tu, kisha wanajijibu au wanamwita mwingine. Waliporefusha hadi sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, na hata waliozoea kunyamaza wakaanza kuchangia. Sekunde tatu darasani ni ndefu kama usiku. Hesabu kimya kimya, umefumba mdomo.

Kuhusu kiboko, jibu la sheria ni fupi. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni Kenya mwaka 2001, Katiba ya 2010 ikamkinga kila mtu dhidi ya adhabu ya kikatili, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamhesabu mwalimu anayemtesa mwanafunzi kwa mwili au kwa akili kuwa mkosaji wa kupelekwa mahakamani. Wenzako wanaokwambia "kidogo tu" hawatasimama nawe Tume ya Utumishi wa Walimu itakapokuita. Lakini hata sheria isingekuwepo, tazama watoto wako mmoja mmoja: fimbo ingemfanya nini mwenye usaha sikioni? Mwenye njaa je? Asiyesema ndiye angefunga kinywa kabisa.

Wazazi waendee nyumbani, usingoje waitwe shuleni. Wito wa shule watu huuona kama hati ya polisi. Piga hodi, na wewe kama mwanamume, ukiambiwa baba hayupo, usiingie. Kaa dakani, kile kibaraza cha mlangoni, au rudi siku nyingine na mwalimu wa kike. Anza na jambo zuri alilolifanya mtoto, liwe la kweli, liwe mahususi: "Juzi alimsaidia mwenzake kufunga chelewa." Usiseme "mtoto mzuri", hiyo kila mtu anaisema. Na yale ya kasoro usiyazungumze barazani watu wakipita. Vichochoro vya Lamu ni vyembamba na habari hufika mtaa wa Langoni kabla hujamaliza kahawa. Uliza kuliko kueleza. Nyumbani anaitwa nani? Analala na nani, saa ngapi? Nani humsaidia madaftari? Mara nyingi utaambiwa na bibi yake jambo ambalo lingekuchukua mwaka kuligundua.

Kuna mabadiliko ambayo hayangoji daftari. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akabadilika ghafla, akaogopa kuguswa au akaogopa kurudi kwao, au ana alama mwilini zisizoelezeka, usimhoji kama askari wala usimwahidi kutunza siri. Msikilize, andika maneno yake kama alivyoyasema, upeleke habari siku hiyo hiyo kwa mwalimu mkuu na ofisi ya watoto. Namba ya simu ya bure ya watoto ni 116. Akishukiwa mwalimu, agizo la Tume la mwaka 2010 linakutaka uripoti ndani ya saa 24, na kunyamaza ni kosa lako pia.

Jambo la mwisho hukuliuliza. Umenitajia watoto watatu na hao wasomaji wa "mato". Wengine zaidi ya thelathini hukuwataja, na nadhani ni kwa sababu hawakusumbui. Humo mna wasichana wawili watatu wanaokaa mikono juu ya meza, wananakili kila kitu ubaoni kwa mwandiko mzuri, na hawawezi kusoma hata silabi moja ya walichokiandika. Kunakili ni kuchora. Waombe wasome neno moja moja, mbali na ubao, ukiwa umeketi nao chini. Kwa daftari lako, usijaribu kuwaandika wote 43 kila siku, utachoka Jumatano. Chukua watano kwa wiki, kwa mpangilio wa rejista, wakorofi na watulivu bila ubaguzi, na kila mmoja umwandikie mara mbili: mara moja darasani, mara moja uwanjani. Baada ya wiki tisa utakuwa umewamaliza wote. Na karatasi za tathmini zikija kabla ya hapo zikikutaka uandike nani yuko "mbali na matarajio", jaza kwa penseli.